Damu Isiyo na Mwenyewe

Uhakiki haukomi penye kazi njema. Kazi njema humwonyesha mwanafunzi mahali uzuri ulipo. Kazi mbaya, ikitazamwa kwa subira, humwonyesha mahali uzuri ulipopotelea. Kwa sababu hiyo mpenzi wa sanaa hana haja ya kuona haya akitaja picha ya sinema ambayo watu wa heshima huipita mbali. Picha iitwayo Blood Feast, yaani Karamu ya Damu, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ni moja ya picha za namna hiyo. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka nyingi. Imejaa damu tangu dakika zake za mwanzo. Na wengi wa wachezaji wake hawajui kucheza. Lakini ina jambo moja la kufikiriwa. Mtu anayeitazama, baada ya kushtuka na kuona kinyaa, aghalabu huishia kucheka. Mbele ya macho yake anachinjwa binadamu, naye anacheka. Je, moyo wake umekufa ganzi, au picha yenyewe ndiyo isiyo na uhai? Swali hili si dogo, maana jibu lake hugusa wajibu wa kila mtunzi anayetia kifo katika kazi yake.

Hadithi ya picha ni fupi. Katika mji wa Miami, jimbo la Florida, yuko mtu aitwaye Fuad Ramses, muuza vyakula na mpishi wa karamu, mwenye macho makali na mguu wa kuchechemea. Kwa siri anamwabudu Ishtar, ambaye picha inamwita mungu wa kike wa Misri ya kale. Ili amfanyie karamu ya damu, Ramses anawaua wanawake vijana mmoja baada ya mmoja, na kwa kila mmoja anatwaa kiungo: kwa huyu mguu, kwa yule ubongo, kwa mwingine ulimi. Mwanamke mmoja wa tabaka la juu, Bi Fremont, anamwagiza chakula cha Kimisri kwa sherehe ya binti yake Suzette, asijue ni chakula gani kitakachoandaliwa. Askari wa upelelezi anayefuatia mauaji hayo ni rafiki wa Suzette. Anakwenda naye hata kusikiliza mhadhara juu ya dini za kale, na bado anachelewa kutambua jambo ambalo mtazamaji amelijua tangu mwanzo. Mwishowe Ramses anafukuzwa hadi jalalani, anaingia katika lori la takataka, na mtambo wa lori hilo unamsaga.

Msomi atatambua mara moja kwamba Ishtar hakuwa mungu wa Misri. Aliabudiwa Babeli na Ashuru, nchi za mito ya Frati na Hidekeli, mbali na mto Naili. Kosa hili ni dogo kwa kipimo cha historia, maana hakuna anayekwenda kutazama picha ya damu ili ajifunze dini za kale. Lakini ni kubwa kwa kipimo cha dalili. Mtunzi asiyejali mungu huyu ni wa watu gani hatajali pia msichana huyu ni wa nani, alitoka wapi, na nyumbani kwao wanamngoja kina nani. Uzembe wa jambo la kwanza ni utangulizi wa uzembe wa jambo la pili.

Waliotengeneza picha hii walikuwa hasa watu wawili: mwongozaji Herschell Gordon Lewis na mtayarishaji David F. Friedman. Lewis, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2016, hakuwa mjinga wala mtu asiye na elimu. Alipata kufundisha fasihi ya Kiingereza chuoni kabla ya kuingia katika biashara ya matangazo na sinema, na baadaye aliandika vitabu juu ya ufundi wa kuuza bidhaa kwa barua. Hapo kwanza wawili hao walikuwa wakitengeneza picha za wanawake walio uchi. Soko la picha hizo lilipojaa washindani, walijiuliza ni kitu gani ambacho makampuni makubwa ya Hollywood hayawezi au hayataki kukionyesha. Jibu walilolipata lilikuwa damu. Walitumia fedha kiasi cha dola 24,500, na kazi ya kupiga picha ilikwisha katika siku chache, pungufu ya wiki mbili. Lewis mwenyewe alishika kamera, na muziki akautunga yeye.

Picha ilianza kuonyeshwa Peoria, katika jimbo la Illinois, kwenye kiwanja cha sinema ambamo watu hutazama wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia. Ulikuwa ujanja wa biashara, na biashara ilifaulu. Fedha zilizorudi zilizidi mara nyingi zile zilizotoka. Lakini mfuko ule unafaa kukumbukwa na mhakiki, kwa kuwa unasema wazi ni sehemu gani ya mtazamaji iliyokusudiwa. Haikuwa akili yake wala moyo wake. Lilikuwa tumbo lake.

Hata hivyo haki ni haki, na kazi dhaifu nayo ina haki yake. Makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa yamejifunga kwa kanuni ya maadili iliyodumu tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1968, na katika picha zao nyingi kifo kilikuwa safi mno. Mtu alipigwa risasi, akashika kifua, akaanguka, na shati lake likabaki jeupe kama lililotoka kupigwa pasi. Kifo cha namna hiyo ni uongo, tena ni uongo wenye hatari, kwa sababu humfundisha kijana kwamba kuua hakuna doa. Hata Alfred Hitchcock, katika picha yake Psycho ya mwaka 1960, alionyesha kisu kikipanda na kushuka, akamwachia mtazamaji kazi ya kukiingiza mwilini. Lewis aliona huko ni kumpunja mtu aliyelipa kiingilio chake. Malalamiko yake yana chembe ya ukweli. Mwili wa binadamu una damu, na sanaa inayoficha jambo hilo siku zote haisemi kweli yote juu ya kisu. Lewis hakuficha. Kwa kuwa damu ya kawaida ya michezo haikuonekana vizuri katika picha ya rangi, aliagiza damu maalumu iliyotengenezwa Coral Gables, karibu na Miami, nyekundu ya kuwaka. Swali ni kama mtu aliyepata ruhusa ya kuonyesha damu alijua la kuifanyia.

Jibu linapatikana kwa kumfuata mtazamaji hatua kwa hatua. Katika tukio la kwanza mwanamke anarudi nyumbani, anavua nguo, anaingia katika hodhi ya kuogea, na Ramses anamwua kwa kisu na kumkata mguu. Mtazamaji anashtuka. Kinyaa kinampanda kooni, macho yanataka kufumba. Hali hiyo ni ya kweli wala hakuna haja ya kuidharau. Lakini ni hali ya mwili peke yake. Mtu yeyote huipata akipita kichinjioni asubuhi, wala hasemi kwamba kichinjio ni kazi ya sanaa. Mwanamke yule hakusema neno hata moja kabla ya kufa. Mtazamaji hajui alikuwa akitoka kazini au matembezini, wala kama alikuwa na furaha au huzuni. Amekufa kabla ya kuwa mtu.

Tukio la pili liko pwani, usiku. Kijana na mpenzi wake wamelala mchangani. Ramses anampiga kijana akazimia, anamwua msichana na kuondoka na ubongo wake. Hapa picha ilipata bahati ambayo haikuitafuta, kwa sababu kijana amebaki hai. Kwa mara ya kwanza yuko mtu wa kulia. Mchezaji mwenye ufundi, au hata mwongozaji aliyemwambia kijana huyo akae kimya, angeweza kuigeuza picha yote hapo. Badala yake kijana anapohojiwa na askari analia kwa sauti kubwa, anajitupa huku na huku, na kuyakariri maneno yake hata yakapoteza maana. Ndipo mtazamaji anapocheka kwa mara ya kwanza. Inafaa kuangalia vizuri anacheka nini. Hachekei maiti iliyoko mchangani. Anachekea kilio cha uongo. Ameona damu nyingi na hakucheka. Ameona machozi yasiyo ya kweli, akacheka. Moyo uliokufa usingejua tofauti hiyo.

Tukio la tatu ndilo lililoipa picha sifa yake. Msichana mmoja yuko katika chumba cha nyumba ya wageni. Mlango unabishwa, anaufungua, na Ramses anamkamata na kumng'oa ulimi kwa mkono. Ulimi uliotumika ulikuwa wa kondoo, nao ni mrefu kupita ulimi wa mtu yeyote. Ramses anauinua juu, kamera inautazama kwa muda, kisha picha inakwenda mahali pengine. Mtazamaji ambaye alishtuka hodhini sasa anaona kondoo, haoni mtu. Akili yake imekwisha kuhamia jikoni na dukani. Anajiuliza kitu kile kilipatikana wapi na kiligharimu kiasi gani. Kinyaa kimebaki kidogo, hofu haipo kabisa, na huruma haikupata kuzaliwa.

Karibu na mwisho, picha inajihukumu kwa kinywa chake yenyewe. Ramses amemshawishi Suzette alale juu ya meza ya jikoni, afumbe macho, na kuyafuatisha maneno ya kumwomba Ishtar, huku panga likingoja juu ya shingo yake. Suzette anaona mambo hayo ni mchezo. Anachekacheka, anafumbua macho, anauliza maswali, na muuaji analazimika kuanza upya. Mtazamaji anacheka pamoja naye, na kwa mara moja tu katika picha nzima watu wawili, mmoja ndani ya picha na mmoja nje yake, wana maoni yale yale juu ya jambo linalotendeka. Hata mwathirika hakuweza kumwogopa Fuad Ramses.

Jambo hili lilikuwa limeelezwa zamani sana. Aristotle, katika kitabu chake juu ya utunzi, alisema kwamba hofu na huruma zaweza kuletwa na yale yanayoonyeshwa machoni, lakini ni bora ziletwe na mpango wa matukio wenyewe, hata mtu anayesikia kisa bila kukiona atetemeke na kusikitika. Anayetegemea maonyesho, alisema, hutumia ufundi mdogo zaidi, tena huhitaji fedha za mfadhili. Na yule ambaye maonyesho yake hayaleti hofu ila kioja tu, hana sehemu katika tanzia. Maneno hayo yanaieleza Blood Feast kana kwamba mwanafalsafa aliitazama. Lewis na Friedman walichagua njia ambayo kwa asili yake inataka fedha nyingi, nao hawakuwa na fedha. Njia ya pili, ya kumjenga mtu kabla ya kumwua, ilikuwa wazi mbele yao bila malipo. Kumpa msichana jina la kukumbukwa, mama wa kumngoja, na sentensi moja ya kweli hakugharimu hata senti. Basi umaskini wa picha hii haukuwa katika mfuko.

Ushahidi ulio bora zaidi unatoka katika kazi ambayo ina ulimi uliokatwa na karamu ya nyama ya watu kama ilivyo Blood Feast, nayo ni ya Shakespeare. Tamthilia ya Titus Andronicus ilichapishwa mwaka 1594, na kwa karne nyingi wasomi waliionea aibu kwa ajili ya damu yake. Ndani yake Lavinia, binti wa jemadari Titus wa Roma, ananajisiwa na wana wawili wa Tamora, malkia wa Wagothi, kisha wanamkata ulimi na mikono ili asiweze kuwataja. Mwisho wa mchezo Titus anawaua vijana wale, anawapika, na kumkaribisha mama yao mezani. Mtu akiyaandika matukio haya katika orodha, na kando yake akayaandika ya Blood Feast, ataona orodha ya Shakespeare ndiyo inayochukiza zaidi.

Lakini orodha si tamthilia. Msichana wa nyumba ya wageni anatoweka mara ulimi wake unapotoka. Picha imepata ilichotaka, haimhitaji tena. Lavinia habaki nyuma. Anarudi jukwaani, anasimama mbele ya mjomba wake, mbele ya baba yake, mbele ya watazamaji, na onyesho moja baada ya jingine watu hawana budi kumtazama mtu anayeishi na hasara hiyo. Anafuata watu kwa haraka, hawamwelewi; mtoto mdogo anamkimbia. Mwishowe anashika fimbo kwa kinywa, anaiongoza kwa mikono iliyokatwa, na kuyaandika mchangani majina ya waliomtenda. Hapo mtazamaji anajua ulimi ni kitu gani. Ulimi ni njia ya kusema nani amenidhulumu. Shakespeare alimwonyesha kila mtu thamani ya ulimi kwa kumpa Lavinia kazi ya kuishi bila huo. Lewis aliuinua ulimi juu mbele ya kamera, na thamani yake haikuonekana.

Tena kicheko kimo humo humo katika Titus Andronicus. Titus anapoletewa vichwa vya wanawe wawili, baada ya kuukata mkono wake mwenyewe kwa tumaini la kuwaokoa, anacheka. Ndugu yake anashangaa, naye anajibu kwamba hana tena chozi la kutoa. Hicho ni kicheko kinachotoka upande wa pili wa machozi, na anayekisikia huona baridi mwilini. Kicheko cha mtazamaji wa Blood Feast kinatoka upande wa huku, kabla machozi hayajaitwa. Sauti ni moja, lakini masafa kati ya vicheko hivyo viwili ni masafa yote ya sanaa.

Mwaka 1955, huko Stratford-upon-Avon, mwongozaji Peter Brook aliionyesha tamthilia hiyo, Laurence Olivier akiwa Titus na Vivien Leigh akiwa Lavinia. Brook hakumwaga damu. Lavinia alitokea na utepe mwekundu ukining'inia kinywani na mingine ikining'inia katika viganja vilivyofichwa, basi. Ilisimuliwa kwamba watu walizimia ukumbini. Miaka minane baadaye damu iliyoagizwa maalumu, nyekundu ya kuwaka, ikamwagwa kwa ukarimu Miami, na watu wakacheka. Anayetaka kujua kama wingi wa damu ndio wingi wa hofu hana haja ya kutafuta jaribio jingine.

Yamkini atatokea mwenye kusema kwamba kicheko ni ngao tu, na kwamba mtazamaji hucheka ili ajikinge na hofu iliyomzidi. Hoja hii ina uzito. Katika Paris kulikuwa na ukumbi mdogo ulioitwa Grand Guignol, uliofunguliwa mwaka 1897 katika jengo lililokuwa kanisa dogo, ukafungwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya Blood Feast. Kazi yake ilikuwa michezo ya kutisha, yenye macho yaliyotobolewa na koo zilizokatwa. Lakini wenye ukumbi walipanga mchezo wa kuchekesha na mchezo wa kutisha kwa zamu, wakijua kwamba mtu aliyecheka amelegea, na aliyelegea hushtuka zaidi. Kwao kicheko kilikuwa mlango wa hofu. Dalili ya ngao ni kwamba nyuma yake yuko mtu anayejikinga; ikishushwa, hofu huonekana. Mtazamaji wa Blood Feast akimaliza kucheka hakuna kinachofuata. Analala usingizi wake wote. Hakuwa na ngao, kwa sababu hakurushiwa mshale.

Wala haifai kusema kwamba fedha chache haziwezi kufanya zaidi ya hapo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, George A. Romero na wenzake wa mji wa Pittsburgh walitoa Night of the Living Dead, picha ya wafu wanaofufuka na kula walio hai, kwa kiasi cha dola 114,000. Kwa kipimo cha Hollywood hizo nazo zilikuwa fedha za maskini. Damu yao ilikuwa sharubati ya chokoleti, na matumbo waliyoyatafuna wafu yalitoka kwa mwuza nyama. Hawakupata hata rangi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Lakini watu saba waliojificha katika nyumba moja ya shamba wana hasira, woga, ndoa na mabishano. Mama anamwuguza bintiye ghalani chini ya nyumba. Binti anakufa, anafufuka, na kumwua mama yake, naye mama hawezi kuinua mkono kumpiga mwanawe. Ben, mtu mweusi aliyewaongoza wenzake usiku kucha, anapona peke yake. Asubuhi waokoaji wenye bunduki wanamdhania mfu, wanampiga risasi, na maiti yake inavutwa kwa kulabu hadi motoni. Mwaka ule ule wa 1968 Martin Luther King alikuwa ameuawa, na watu weusi wa Marekani hawakuhitaji kuelezwa maana ya mwisho ule.

Mapema mwaka 1969 mhakiki Roger Ebert aliandika katika gazeti la Chicago juu ya onyesho la mchana la picha hiyo lililojaa watoto. Hapo mwanzo watoto walipiga kelele na kucheka, kama walivyozoea katika picha za majitu. Kisha mambo yalipozidi kuharibika na mashujaa wao kuanza kufa, ukumbi ukanyamaza. Msichana mdogo, wa miaka kama tisa, alikuwa ameketi bila kutikisika, akilia. Hakuna awezaye kuwasifu watu wazima waliowaachia watoto wale kuingia, na Ebert mwenyewe alilaumu. Lakini watoto wale, bila kusoma Aristotle, walipima sawasawa. Walicheka ilipokuwa michezo. Wakanyamaza walipoona kwamba aliyekufa alikuwa mtu.

Watu wa Unguja walilijua jambo hili katika hadithi zao. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyo ambao Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, hata akafikia kula watu. Kila mashtaka yanapoletwa sultani hayajali, maana paka ni wake. Siku paka anapowala wana wa sultani mwenyewe, ndipo anapotambua kwamba huyo si paka tena. Ni nunda mla watu. Mnyama hakubadilika siku ile. Kilichobadilika ni kwamba waliokufa walikuwa na mwenyewe. Msimulizi wa hadithi hakutaja damu nyingi, naye alimfundisha msikilizaji wake kwamba ubaya wa sultani ulianza zamani, tangu alipoweza kusikia habari za vifo vya wengine bila kuumwa.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kweli ya picha kama Blood Feast, nayo sipo inapotafutwa kwa kawaida. Walinzi wa maadili wanaamini kwamba damu yenyewe huharibu. Uingereza, katika miaka ya 1980, iliitia picha hii katika orodha ya kanda za video zilizoshtakiwa, kana kwamba kijana akiiona atatoka na panga. Wapenzi wa picha za damu nao wanasema ni mzaha mtupu, na mzaha haumdhuru mtu. Wote wawili wameangalia damu, hawakuangalia mwenye damu. Walinzi wakifaulu, matokeo yake ni kurudi kwa lile shati jeupe la zamani, ambalo halikuwa na ukweli zaidi. Wapenzi wakifaulu, mtazamaji atazoea kuona miili isiyo na majina. Mazoea hayo ndiyo yanayofaa kuogopwa. Kuogopa si ugonjwa. Ni dalili kwamba mtu bado anamtambua mwenziwe. Mtunzi anayemwonyesha mtazamaji vifo kumi bila kumtisha hata mara moja amemfunza somo la sultani.

Kwa bahati njema mtazamaji si mwanafunzi mtiifu. Kicheko chake katika Blood Feast ni kukataa. Kinasema kwamba haamini, kwamba wale waliolala pale si watu, na kwamba hawezi kutoa huruma yake kwa kitu kisichoihitaji. Hiyo ni hukumu ya haki, na inampa heshima kuliko picha inavyompa. Lewis hakujidanganya juu ya kazi yake. Alipata kusema kwamba si nzuri, ila ni ya kwanza ya aina yake. Sifa ya kuwa wa kwanza hakuna wa kumnyang'anya. Njia aliyoifungua walipita wengi, na baadhi yao walijua kwamba kabla ya kisu lazima awepo mtu.

Mwisho wa picha Bi Fremont anaambiwa na askari ukweli wa chakula kile kilichotoka jikoni. Binti yake ameponea chupuchupu. Wasichana kadhaa wa mji wameuawa. Nyama yao imo katika sinia zake. Jibu lake ni kwamba, basi, wageni usiku huo itawabidi wale hambaga. Maneno hayo yaliandikwa ili yachekeshe, nayo huchekesha. Lakini ni maneno ya mtu ambaye kwake waliokufa hawakuwa na wenyewe, na picha nzima imesema kwa sauti yake. Mtazamaji akiisha kucheka, afadhali akae kidogo na kujiuliza katika sinia lile alikuwamo nani. Picha haimwambii, na hapo ndipo iliposhindwa.